Uwanda Usioombwa

3 Njia ya Kanisa,
Harnwell
9 Februari 1993

Kaka yangu Cyril,

Salamu nyingi kwako na kwa Noeline. Natumaini barua hii itawakuta wazima, tena kwenye jua, maana sisi huku kila asubuhi tunavunja barafu kwanza ndipo kuku wapate maji. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku moja linanihurumia na siku mbili linanikomoa. Binamu Beryl tulimzika Alhamisi. Kanisa lilijaa nusu, na nusu ya hao walifuata sandwichi. Najua simu huisikii tena, Noeline aliniandikia hivyo Krismasi, kwa hiyo itabidi usome. Na safari hii ujibu, maana nina shida.

Long Mead, uwanda wetu ule wa nyasi, imeuzwa. Mjukuu wa marehemu Bibi Wraxall wa nyumba kubwa, yule mwenye viatu visivyowahi kukanyaga tope, ameiuza kwa kampuni ya wajenzi, na wajenzi wanataka nyumba mia moja na arobaini kuanzia kijito mpaka ukuta wa makaburi. Wewe uliiacha Harnwell ina watu mia nne na baa mbili. Sasa tuko elfu tisa, baa moja, na maduka matatu ya kukodisha kanda za video. Hakuna mahali palipobaki ambapo mtu anaweza kutembeza mbwa bila kukanyaga saruji, ila pale. Hata sikukuu ya Mei haina pengine pa kwenda.

Ila kuna njia. Tumeunda kamati, na wakili ametueleza hivi: tukionyesha kwamba watu wa parokia wameutumia uwanda huo kwa michezo na matembezi miaka ishirini, waziwazi, bila kutumia nguvu na bila kupewa ruhusa na mtu yeyote, sheria itauandikisha kuwa uwanja wa kijiji. Hapo hakuna atakayejenga hata banda la njiwa, leo wala kesho. Mwenyekiti wetu ni Lorna Tidmarsh, msichana wa nyumba mpya za juu, ana mtoto mchanga na sauti ya sajini. Mimi nimekuwa katibu wa sikukuu ya Mei tangu 1969, na kumbukumbu zote za chama cha historia ziko chumbani kwangu, kwa hiyo mimi ndiye shahidi mkuu.

Ninachotaka kwako ni ushahidi wa zamani. Andika ulichokiona tangu utotoni mpaka ulipopanda meli. Kurasa mbili zatosha. Usitie mizaha.

Dada yako,
Enid


Timaru
21 Machi 1993

Mdogo wangu Enid,

Barua tumeipata, ahsante. Noeline atapasuliwa jicho mwezi ujao. Raewyn wetu amejifungua mtoto wa tatu, wa kike, ana kidevu cha Mama, maskini. Pole kwa Beryl. Nashukuru kwamba safari hii nimeambiwa mwezi uleule. Mama nilisikia amekufa wiki tatu baada ya kuzikwa.

Ushahidi wangu nimeuambatanisha, kurasa mbili, mizaha hakuna. Nimeandika habari za kandanda, za kuteleza kwenye theluji kwa trei ya Bi. Hobbs, na za matembezi ya Mei. Jambo moja sikulitia humo kwa sababu sijui kama litawasaidia au litawaangusha, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Unamkumbuka Baba siku ya Mei. Alikuwa akimaliza kupiga kengele anashuka mnarani, anatangulia mbele ya parokia nzima, anafungua lango la Long Mead kwa mkono wake, na hata siku moja hakugeuza shingo kuitazama nyumba kubwa. Mwaka wa 1937 mzee Wraxall alimtuma msimamizi wake akasimama langoni na kutangaza kwamba bwana anawaruhusu wanakijiji waingie. Baba, mchimba makaburi asiye na koti la pili, akamwambia, "Mwambie bwana hatukuomba." Kisha akapita.

Jioni ile alinishika sikio, nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu, akasema, "Sikiliza wewe. Usiombe kamwe. Siku utakayoomba ndiyo siku umekubali kwamba ni yao."

Kwa hiyo nakuuliza swali moja tu, nawe unijibu. Katika miaka hii yote, kuna yeyote pale aliyewahi kuwaandikia akina Wraxall kuomba?

Kaka yako,
Cyril


Harnwell
25 Aprili 1993

Kaka Cyril,

Salamu, na jicho la Noeline lipone salama. Mpe pole zangu, mwambie ajiepushe na kuinama. Mtoto wa Raewyn hongera, kidevu atakizoea, mimi nimeishi nacho.

Ushahidi wako ulifika na Lorna aliusoma kwa sauti kwenye mkutano. Watu walicheka ulipoandika habari za trei, ingawa nilikukataza. Tumeshakusanya fomu mia mbili na kumi na mbili. Ungeona ukumbi wa parokia siku hizi usingeamini: watu wa nyumba mpya wamejaa, wazee wa zamani wamekaa nyuma wamekunja mikono, na katikati kuna meza ya chai ambayo pande zote mbili zinaitaka. Bwana Sturgess alisimama akasema, "Hawa wageni wamekuja juzi, leo wanatufundisha uwanda wetu." Lorna akamjibu, "Mzee, mimi naingia pale kila siku na kigari cha mtoto, mvua inyeshe au isinyeshe. Wewe mara ya mwisho kuukanyaga ilikuwa lini?" Sturgess akakaa. Ukweli ni kwamba hajaukanyaga tangu mkewe afe. Mimi sikutegemea kumpenda yule msichana, lakini nimempenda.

Habari za Mama usinianzishie. Wewe ulikuwa upande wa pili wa dunia, na mimi nilikuwa na beseni mkononi usiku na mchana kwa miezi saba. Sikuwa na nafasi ya kutafuta kalamu.

Kuna kitu kidogo. Mwaka wa Jubilii ya Malkia, 1977, nilikutumia kadi yenye nembo ya nyumba kubwa. Kama bado unayo, nirudishie, kwa ajili ya kumbukumbu za chama. Itume kwa barua ya kusajiliwa.

Dada yako,
Enid


Timaru
30 Juni 1993

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Jicho la Noeline lilipona, kisha likaharibika, sasa limepona tena. Huku ni baridi na mgongo wangu unajua habari za mvua kabla ya redio.

Swali langu hukulijibu. Umenijibu chai na Sturgess na beseni, swali umeliruka kama dimbwi. Basi nikapanda darini, nikashusha sanduku la barua zako, na kadi nimeipata. Unayajua yaliyomo, lakini nitayanakili ili usinifanye mjinga:

"Mpendwa Bi. Pocock, ahsante kwa barua yako yenye adabu. Kama kila mwaka, ninayo furaha kuwaruhusu watu wa parokia waendelee kuitumia Long Mead kwa mwaka mwingine. Karibu chai Jumanne. Honoria Wraxall."

Na wewe pembeni umeniandikia kwa kalamu nyekundu: "Tazama anavyoniandikia!"

Kama kila mwaka, Enid. Miaka mingapi?

Nimeisoma kadi hii nimesimama darini mpaka miguu ikafa ganzi. Wakati ule ulipoituma niliitazama nembo, nikaona unajivuna, nikaitia sandukuni bila kuisoma vizuri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa na mimi nina langu la kusema, na sitalifunika. Mwaka 1957, asubuhi niliyoondoka, Baba alinisindikiza mpaka kituoni. Aliniambia, "Mweleze Enid habari ya uwanda. Mimi nikizungumza naye anadhani namfokea." Niliahidi. Lakini wewe ulikuwa umejifungia chumbani kwa sababu naondoka, hukutoka hata kuniaga, na mimi nikaapa moyoni kwamba neno la kwanza litatoka kwako. Likatoka baada ya miaka minne. Kufikia hapo nilikuwa nimeusahau uwanda, nakumbuka mlango uliofungwa tu.

Kadi bado ninayo.

Cyril


Harnwell
17 Julai 1993

Kaka Cyril,

Sina habari za familia leo. Familia ni mimi na wewe.

Miaka ishirini na moja. Kila Machi tangu 1969 mpaka bibi alipofariki 1990, isipokuwa mwaka mmoja niliougua kichomi. Umeridhika?

Hakuna aliyenituma. Kamati haikujua, kasisi hakujua. Nilichukua ukatibu, nikaona parokia nzima inaingia kwenye ardhi yenye ukuta na lango la mwenyewe, inakanyaga, inaacha chupa, na hakuna anayesema tafadhali wala ahsante. Nikaona aibu. Mama alitufundisha hata yai la jirani usiliokote bila kubisha hodi. Nikaandika barua moja, fupi. Akanijibu kwa mkono wake na kunialika chai.

Wewe hujui ilikuwaje. Nyumba ile Baba aliingia kwa mlango wa jikoni, na hata hapo alivua viatu. Mimi nilifunguliwa mlango wa mbele. Nilikaa kwenye kiti chenye maua, bibi akanimiminia chai mwenyewe, akaniuliza nasoma nini. Hakuna mtu Harnwell aliyewahi kuniuliza nasoma nini. Mwaka uliofuata niliandika tena, kwa sababu ya adabu, na kwa sababu ya Jumanne ile. Nalisema wazi kwa kuwa wewe umeshalijua: nilizingoja kadi zile kuliko nilivyongoja Krismasi. Sikuolewa na mtu, ila nilikunywa chai na Bibi Wraxall mara moja kwa mwaka.

Na ninyi wawili mlikuwa mnajua. Baba alinifokea maisha yake yote juu ya mambo yasiyo na maana, hili moja lenye maana akakupa wewe, nawe ukaondoka nalo kwenye meli kama mwavuli wa mtu mwingine.

Sasa sikiliza. Jumba lilipogeuzwa makao ya wazee, mjukuu alichoma karatasi zote za bibi uani, siku tatu, moshi ulifika hapa. Barua zangu ziliungua humo. Kadi zake kwangu na nakala zangu za kaboni ziko kwenye debe la biskuti chini ya kitanda changu, na hizo ni juu yangu. Kinachobaki duniani ni hiyo moja uliyonayo. Kikao cha kusikiliza kitafanyika tarehe 14 Septemba. Ichome, Cyril, kisha uniandikie kwamba umeichoma. Sikuombi kitu kingine tena katika maisha haya.

Enid


Harnwell
19 Agosti 1993

Kaka,

Mwezi umepita na hujanijibu. Salamu kwa Noeline, natumaini jicho ni zima.

Mawakili wa kampuni wamewaandikia mashahidi wote wakitaka karatasi yoyote inayohusu uwanda. Jina lako na anwani yako vimo kwenye orodha, mimi mwenyewe niliviandika. Je, wamekuandikia? Umewajibu nini?

Lorna ananiletea supu kila Ijumaa. Anasema nimekonda kwa sababu ya kazi ya kamati. Juzi alinikalisha mtoto mapajani akasema, "Bi. Pocock, tukishinda, huyu atajifunza kutembea pale, na nitamwambia ni wewe." Nilimrudishia mtoto, nikasema ninaenda kutazama kuku.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nakujua wewe. Ulipokuwa na miaka tisa ulinyamaza wiki nzima kwa sababu nilivunja kisu chako, kisha siku ya nane ukamwambia Baba mezani mbele ya kasisi. Kama umeamua kuniambia hapana, niambie. Neno moja latosha.

Enid


Harnwell
15 Septemba 1993

Cyril,

Nilingoja tarishi mpaka asubuhi ya jana. Aliniletea katalogi ya mbegu.

Kikao kilikuwa katika ukumbi wa parokia. Aliyeendesha ni wakili kutoka Oxford, mtu mpole, amevaa sweta. Hakuna kiapo wala Biblia, mtu anakaa tu kwenye kiti na kusema. Lorna alisema vizuri. Sturgess alisema vizuri kuliko nilivyotarajia, alieleza alivyomposa mkewe kando ya kijito, na wanawake wa nyumba mpya wakatoa leso. Mpaka mchana kila mtu pale aliona tumeshinda. Kasisi alikuwa ameanza kutabasamu.

Saa nane wakaniita. Upande wetu uliniuliza habari za sikukuu, nikajibu. Kisha akasimama wakili wa kampuni, kijana, ana mafua. Mbele yake kulikuwa na faili la kahawia limefungwa kwa utepe. Alikuwa akiligongagonga kwa kidole.

Akasema, "Bi. Pocock, wewe ni mwanahistoria wa hapa. Hutupi karatasi."

"Situpi," nikasema.

"Basi unaweza kutusaidia. Katika miaka yote ya ukatibu wako, kuna mtu yeyote aliyewahi kuomba ruhusa kwa familia ya Wraxall?"

Nikalitazama lile faili. Nikaona kadi imo humo. Niliiona kabisa, Cyril, na wino wangu mwekundu pembeni, na bahasha yenye stempu ya New Zealand. Nikawaza: nikisema hapana, atafungua utepe, na nitakuwa mwongo mbele ya watu elfu tisa, na Lorna ameketi mstari wa kwanza na mtoto.

Nikasema, "Ndiyo. Mimi. Kila mwaka."

Yule kijana aliacha kugonga. Hakuna aliyeshangaa ukumbini kuliko yeye. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akaniuliza kama bibi alijibu, nikasema alijibu, na kwamba majibu ninayo nyumbani. Leo asubuhi nimewapelekea debe lote.

Alipofungua faili hatimaye, ndani yake kulikuwa na ramani. Ramani tu, za mifereji. Nilisimama nikaziona.

Nilipotoka, Lorna alikuwa nje anamfunga mtoto mikanda ya kigari. Aliniuliza, "Ulijua tangu Februari?" Nikasema nilijua. Akasema, "Na supu yangu ukaila." Kisha akaondoka akipitia barabarani, hakupitia uwandani.

Sasa niambie kadi iko wapi.

Enid


Timaru
Ilianzwa 17 Agosti, imekamilishwa 10 Septemba 1993
(ilifika Harnwell 18 Septemba)

Mdogo wangu Enid,

Salamu kutoka kwetu sote. Noeline anaona vizuri sasa, ameanza kunikosoa ninavyonyoa ndevu. Raewyn na watoto wanakusalimu.

Kadi niliichoma. Barua yako ya Julai ilichelewa njiani, ikafika saa nne asubuhi, na saa nne na robo kadi ilikuwa imekwisha kwenye jiko la Noeline. Hao mawakili nao waliniandikia, niliwajibu siku ileile kwamba sina karatasi yoyote, na kwamba kumbukumbu yangu ya Harnwell ni trei ya Bi. Hobbs.

Ningeweza kukuandikia siku hiyohiyo. Niliketi nikaanza, nikaandika salamu, kisha nikaweka kalamu chini. Nilijiambia: mwache naye angoje. Mwache kila asubuhi amtazame tarishi, kama mimi nilivyomtazama mwaka ule nikijua Mama mgonjwa na hakuna aandikaye neno. Wiki tatu tu, nikasema, kisha nitamwambia. Nikakaa na barua hii mezani, na kila siku Noeline aliifuta vumbi. Niliona raha, sitasema uongo. Raha yenyewe ilidumu kama siku nne. Zilizobaki nilikuwa nangojea kwa sababu nilishaanza.

Leo imekuja barua yako ya Agosti. Umenikumbusha kile kisu. Nimeona haya, mtu wa miaka sitini na tisa.

Basi ni hivi. Hakuna kitu. Nenda kikaoni ukae kwenye kiti, wakikuuliza sema hapana, utazame mbele kama Baba alivyotazama mbele langoni. Si uongo mkubwa. Uwanda ulikuwa wetu kabla hujaandika barua hata moja, na barua zako zilikuwa za chai. Simu siisikii, na hili sitaki kulipitishia kinywani mwa Noeline, kwa hiyo naipeleka hii posta sasa hivi, kwa miguu, ili iwahi.

Kaka yako anayekupenda, ingawa sikukuonyesha,
Cyril


Harnwell
3 Machi 1994

Kaka Cyril,

Salamu kwako na kwa Noeline na kwa watoto. Barua zako tatu za tangu Oktoba nimezipata. Nimezisoma zote. Huku theluji imekwisha. Kuku wawili wameliwa na mbweha. Sturgess alifariki Januari, nilikwenda mazishini nikakaa peke yangu, benchi zima.

Uamuzi ulitoka wiki ya pili ya Januari. Kurasa arobaini, na kurasa kumi na moja ni juu yangu. Yule mpole wa Oxford ameandika kwamba ushahidi wa watu mia mbili na kumi na mbili ulikuwa wa kweli na mzuri, na kwamba ungetosha kabisa, lakini watu wa Harnwell waliingia Long Mead kwa ruhusa, ruhusa iliyoombwa na kutolewa, na anayeingia kwa ruhusa hana haki. Ameongeza kwamba Bi. Pocock ni shahidi mwaminifu kuliko wote aliowahi kuwasikiliza. Kasisi akaipenda sentensi hiyo, akaihubiri Jumapili. Alisema ukweli una bei na kwamba mmoja wetu ameilipa. Watu walitazama vitabu vyao vya nyimbo. Wanaoniita msaliti nawaelewa. Hawa wachache wanaonishika mkono mlangoni mwa kanisa na kuniambia nilikuwa jasiri ndio siwawezi, maana tunajua mimi na wewe tu kilichotokea. Sikusema kweli kwa ajili ya kweli. Ningesema uongo mchana kweupe na kurudi nyumbani kunywa chai. Nilisema kwa sababu nilikuogopa wewe, na wewe ulikuwa umeshaichoma.

Unaniuliza katika barua zote tatu kama nimekusamehe. Sijui. Mimi nilikufungia mlango, wewe ukaninyima neno, mimi nikakunyima Mama, wewe ukaninyima wiki tatu. Tumekuwa tukilipana hivi tangu 1957, na safari hii walioumia ni watu ambao hata jina la Baba hawalijui. Lorna amehamia Swindon. Hakuja kuniaga, na sikutegemea.

Mashine zilianza Jumatatu kutoka upande wa kijito. Nimehamishia kitanda chumba cha mbele ili nisione, lakini kusikia nasikia. Kampuni ina mkurugenzi mwenye tabia nzuri sana. Ameniandikia kwa mkono wake mwenyewe, karatasi nene. Anasema wameguswa na uaminifu wangu, wanajua familia yetu ni ya hapa tangu zamani, na wangependa mtaa wa kwanza, ule utakaoanzia langoni, uitwe Mtaa wa Pocock. Ila hawatafanya hivyo bila mimi kukubali. Ameniomba ruhusa.

Nimeiweka barua hiyo mezani siku mbili. Leo nimewajibu kwamba ninayo furaha kuwaruhusu.

Dada yako,
Enid